Mzee Uzi na Kosa la Kituo cha Saba

Saa moja kasoro robo asubuhi, taa ndefu za chumba cha anatomia zinapepesa mara mbili tatu, kisha zinatulia. Mzee Uzi anavua koti lake na kulitundika kwenye msumari nyuma ya mlango. Anavaa aproni ya mpira iliyochakaa kifuani, anafungua madirisha yote sita ili harufu ya dawa ya kuhifadhia ipungue, ndipo anafunua ndoo ya kwanza.

Anatoa nusu ya kichwa cha binadamu, kilichokatwa katikati kuanzia paji la uso hadi kidevuni. Nyama imechambuliwa kwa subira mpaka neva zimebaki wazi, nyeupe, kama nyuzi za mkonge zilizolowa. Anakilaza kwenye trei kwa mikono miwili, kama mtu anayemlaza mtoto aliyesinzia.

"Tuvumiliane na leo," anakiambia kwa sauti ndogo.

Saa moja na dakika kumi, wanafunzi wanane wa udaktari wa meno wameshaizunguka meza. Darasa rasmi halianzi mpaka saa mbili, na Mzee Uzi si mhadhiri. Ni mhudumu wa maabara. Hata hivyo kila asubuhi ya wiki wanafunzi wa mwaka wa pili huamka mapema kumwahi. Mkono wa kulia ameshika kibanio, na wa kushoto ana vipande vya nyuzi za rangi, zile zile zilizompa jina.

"Hii ndiyo neva ya taya la chini," anaanza. "Inatoka kwenye fuvu kwa tundu lenye umbo la yai. Ikishatoka, inagawana kazi kama watoto wa mama mmoja. Wengine wanakwenda kwenye misuli ya kutafunia. Wawili hawa wakubwa wanashuka pamoja. Wa mbele ni nani?"

"Wa ulimi!"

"Na huyu wa nyuma?"

"Wa meno ya chini!"

"Anaingia wapi?"

"Kwenye tundu la taya, upande wa ndani."

"Na wa ulimi naye anaingia tundu gani?"

Wanatazamana. Kijana mmoja anajaribu bahati yake: "Hilo hilo?"

"Haingii tundu lolote la taya. Anapita zake kando ya gego la mwisho, chini ya ufizi tu, huyo kwenye ulimi. Mkono wako ukiteleza pale, mgonjwa wako nusu ya ulimi itakuwa kama ya kuazima."

Wanacheka. Mzee Uzi hacheki. Anafunga uzi mwekundu kwenye neva ya nyuma, anaukaza, kisha anauangalia tena kwa karibu, miwani ikigusa trei.

"Wanafanana unene na wanashuka njia moja," anasema. "Asikudanganye mtu kwamba hawachanganyiki. Mimi niliwachanganya."

Wanafunzi wanaoijua habari hiyo wanatazama chini. Wasioijua wataambiwa kabla ya saa nne.

Ana miaka hamsini na minane, na ishirini na sita kati ya hiyo ameitumia katika jengo hili. Aliingia kama mfagiaji, na elimu yake ni ya darasa la saba. Hakuna aliyemfundisha anatomia. Alijifundisha akiwa na dekio mkononi, akisukuma maji taratibu kuliko ilivyohitajika ili somo lisimpite.

"Nilikuwa nadeki sehemu moja mara tano," anasema. "Mhadhiri anasema neva hii, mimi nachungulia. Nikifika nyumbani narudia majina hadi mke wangu ananiuliza, hao unaowataja ni akina nani?"

Mwaka wa saba mhudumu wa zamani alistaafu, na chuo kikampa Mzee Uzi kibanio. Ikaonekana ana mkono mwepesi kuliko wote waliomtangulia. Alichambua neva bila kuikata, hata kile kiuzi chembamba mno kinachotoka upande wa sikio kikibeba ladha na kujiunga na neva ya ulimi. Wahadhiri wakaanza kumwachia kazi ya kuandaa mitihani ya vitendo. Mkuu wa idara, mwanamke wa maneno machache, alizoea kuwaambia wanafunzi: "Mkono wa Mzee Uzi haukosei."

"Sentensi hiyo niliipenda kupita kiasi," anakiri. "Nilikuwa naipeleka nyumbani kila siku. Ndiyo iliyoniponza."

Ilikuwa miaka sita iliyopita, siku ya mtihani wa mwisho wa mwaka wa pili. Wanafunzi sitini na wawili waligawanywa makundi mawili. Vituo vilikuwa ishirini, kila kimoja na kielelezo chenye kibendera kilichofungwa kwa uzi. Mwanafunzi anasimama dakika moja na nusu, anaandika, kengele inalia, anasogea. Kituo cha saba swali lilisema: Taja neva hii, na utaje tundu inamoingia. Uzi ulikuwa kwenye neva ya meno ya chini.

Kundi la kwanza lilimaliza. Ikawa mapumziko ya robo saa, wahadhiri wakaenda kunywa chai. Mzee Uzi alibaki akinyunyizia vielelezo maji visikauke. Alipofika kituo cha saba, uzi ulilegea na kibendera kikaanguka kwenye trei. Akakifunga upya upesi, mikono ikiwa imelowa na miwani imejaa ukungu, huku akisikia hatua za kundi la pili mlangoni.

Aligundua mtihani ulipokwisha, akivikusanya vibendera. Uzi ulikuwa kwenye neva ya ulimi.

"Nilivuta trei karibu nikaangalia tena," anasema. "Nikatazama mlango, nikatazama dirisha. Hakuna mtu. Nikaufungua uzi, nikarudisha kichwa kwenye ndoo, nikaweka kifuniko. Nikajiambia, alama mbili tu hizo. Nani atakufa kwa alama mbili?"

Kati ya wanafunzi thelathini na mmoja wa kundi la pili, ishirini na wawili waliandika jibu ambalo swali lilikuwa likilitafuta. Waliona neno "tundu", wakakisia mengine. Tisa waliandika walichokiona. Mmoja wa hao tisa alikuwa msichana ambaye wenzake walimwita Mdadisi, kwa kuwa hakuacha somo liishe bila swali. Aliandika: "Neva ya ulimi. Haiingii tundu lolote la taya." Akapewa sifuri. Matokeo yalipobandikwa, alikuwa na alama arobaini na tisa. Kufaulu ni hamsini.

Wenzake wanane walikuwa na alama za kutosha, hawakujisumbua. Mdadisi alikwenda moja kwa moja ofisini kwa mkuu wa idara, akasema uzi ulikuwa kwenye neva ya ulimi na yuko tayari kuapa. Mkuu wa idara akamwita Mzee Uzi.

Tukio hilo halikuchukua dakika tatu, lakini Mzee Uzi analisimulia polepole, akikunja na kukunjua kitambaa cha kufutia meza.

"Aliniuliza, 'Mzee, ulikigusa kituo cha saba baada ya mimi kukikagua?' Yule binti alikuwa amesimama pembeni yangu. Alinigeukia akatabasamu kidogo, unajua, kama mtu anayemwona shahidi wake amefika. Nikasema, 'Sikugusa, Daktari.'"

Anakiweka kitambaa mezani.

"Hakunibishia. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Angenibishia labda ningekasirika, ikawa nafuu. Aliniangalia, akaangalia mikono yake, akasema, 'Basi nitakuwa nimekosea mimi. Samahani, Mwalimu.' Akaniomba samahani, mimi!"

Mdadisi alitakiwa kurudia mwaka. Mjomba wake, aliyekuwa akimsomesha pamoja na watoto wake wanne, alisema uwezo wake umefikia hapo. Wiki moja baadaye Mzee Uzi alimwona getini na sanduku na godoro lililofungwa kamba. Alijibanza nyuma ya tangi la maji mpaka alipoondoka.

"Mtu mzima na mvi zangu," anasema, "nimejificha nyuma ya tangi."

Miaka minne ikapita. Aliendelea kusifiwa, na kila sifa ikawa inamchoma. Alikuwa akiamka asubuhi na kujiapiza kwamba leo anasema, kisha mchana unafika na mdomo wake bado mzito. Alifikia hatua ya kukwepa kituo cha saba katika kila mtihani, akimwachia mwenzake akiandae.

Kisha mkewe akaumwa jino.

Lilikuwa gego la chini, upande wa kulia, na shavu lilikuwa limevimba kama mtu aliyeficha limau mdomoni. Mzee Uzi alipendekeza hospitali ya chuo. Mkewe akakataa katakata: "Wanafunzi wako wasijifunzie mdomoni mwangu." Wakaenda zahanati moja ya meno upande wa pili wa mji.

Daktari wa pale alikuwa kijana. Msaidizi wake, msichana aliyevaa barakoa, alikuwa akipanga vifaa walipoingia. Mzee Uzi alisalimia, na msichana akageuka haraka.

"Shikamoo, Mwalimu!"

Alishusha barakoa. Alikuwa Mdadisi.

"Marahaba," Mzee Uzi akajibu.

Daktari alichoma sindano ya ganzi ndani ya taya, akasubiri, akamuuliza mgonjwa kama imeshika. Mkewe alitikisa kichwa kukubali, akanyoosha kidole kwenye ulimi uliokuwa umelala. Daktari akachukua koleo. Hapo Mdadisi akainama na kugusa mdomo wa chini wa mgonjwa kwa ncha ya kifaa.

"Mama, hapa unahisi?"

"Nahifi," akajibu mama kwa ulimi mzito.

"Daktari, iliyolala ni ya ulimi," Mdadisi akasema kwa adabu. "Ya meno bado, na ndiyo inayofika mpaka mdomoni. Mdomo haujafa ganzi."

Daktari alirudisha koleo mezani na kuchoma sindano ya pili. Safari hii mdomo ulikufa ganzi na jino likatoka bila mama kukunja hata kidole. Daktari, akiwa amefurahi, akamuuliza msaidizi wake alijifunza wapi mambo hayo.

"Kwa huyu mzee," Mdadisi akasema, akimwonyesha kwa kiwiko. "Lakini mimi mwanafunzi wake niliyefeli. Nilizichanganya neva hizo hizo mbili kwenye mtihani, na nikawa mbishi juu yake. Toka siku hiyo siamini macho yangu, naangalia mara tatu."

Akacheka. Daktari akacheka. Mzee Uzi alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango, mkoba wa mkewe mapajani. Anasema alitamani ukuta ule umfungukie apite.

Mkewe aliambiwa aume pamba nusu saa bila kusema neno. Ndipo njiani, wakitembea kwa miguu, Mzee Uzi akapata ujasiri alioukosa miaka minne. Alimwambia mkewe yote, kuanzia ukungu wa miwani hadi tangi la maji.

"Nilichagua wakati hawezi kunijibu," anasema, na kwa mara ya kwanza anacheka, kicheko kifupi cha mtu anayejicheka. "Hata kuungama kwangu kulikuwa kwa uoga."

Mkewe alisimama katikati ya njia. Akamnyang'anya mkoba, akatangulia mbele peke yake. Walipofika nyumbani akatema pamba, akasukutua, akamgeukia. Mama huyo mwenyewe anayakumbuka maneno yake.

"Nilimwambia, 'Binti wa watu kanishika shavu nisiumie, na wewe umekaa pale kwenye kiti unapokea shikamoo yake. Ilipita kooni vipi?' Akasema, 'Nikienda kusema nitafukuzwa kazi.' Nikamwambia, 'Ufukuzwe. Tutakula tulichonacho. Kesho urudi.'"

Kesho yake Mzee Uzi alisimama nje ya zahanati toka saa tatu. Mdadisi alitoka mchana, bakuli la chakula mkononi. Alipomwona alidhani mama kapata matatizo.

"Mama hajambo," Mzee Uzi akamwambia. "Nimekuja kwa ajili yako. Siku ile, kituo cha saba, nilikigusa. Uzi ulianguka nikaufunga pasipo pake. Ulikuwa kwenye ya ulimi. Uliona sawasawa, mwanangu. Mimi ndiye niliyesema uongo."

Mdadisi alikaa kwenye ngazi. Akaweka bakuli magotini.

"Ilikuwa ya ulimi?" akauliza.

"Ilikuwa ya ulimi."

"Miaka minne, mzee." Hakusema tena Mwalimu. "Miaka minne nimejiambia mimi ni mbishi asiye na akili. Nilimwomba mjomba msamaha kwa kumpotezea muda. Nilikuomba msamaha wewe!"

Mzee Uzi alianza kulia. Mdadisi akainuka.

"Usinililie hapa. Mimi siye niliyekuuliza swali siku ile. Aliyekuuliza yupo, nenda kamjibu." Akaingia ndani na bakuli lake bila kula.

Barua aliiandika mwenyewe, nusu ukurasa, kwa mwandiko wake wa darasa la saba. Mkuu wa idara aliisoma mara mbili, akaenda kufunga mlango.

"Mbona hukuniambia siku ile ile? Lingekuwa kosa la uzi tu."

"Niliona aibu, Daktari."

"Na sasa?"

"Sasa naona zaidi."

Mkuu wa idara, ambaye alikubali kuzungumza kwa makala haya, anasema naye alikuwa na lake la kujibu. "Yule msichana alikuja kwangu na ukweli, na mimi ningeweza kuwauliza wenzake wa kundi la pili. Sikuuliza hata mmoja. Nilimuuliza mtu niliyezoea kumwamini, nikaridhika. Aibu ile haikuwa yake peke yake."

Mzee Uzi alisimama mbele ya kamati ya watu saba. Karatasi za mwaka ule zilitolewa stoo, na majibu ya wale tisa yakapatikana yalivyoandikwa. Arobaini na tisa ya Mdadisi ikawa hamsini na moja. Chuo kikamwandikia barua ya kumwomba radhi na kumpa nafasi aendelee na mwaka wa tatu, kwa ufadhili wa chuo chenyewe. Alikaa nayo wiki tatu kabla ya kujibu.

Mzee Uzi hakufukuzwa. Alipewa onyo la mwisho la maandishi na kuondolewa kwenye mitihani kwa mwaka mzima. Alirudishwa kwenye kuosha ndoo na kudeki, kule alikoanzia. Habari zikaenea. Asubuhi moja alipojisahau akawaonyesha wanafunzi neva, mmoja akauliza, "Mzee, una hakika hiyo siyo ya ulimi?" Meza nzima ikaangua kicheko. Naye akacheka nao, kisha akaenda stoo akakaa juu ya ndoo iliyofunikwa hadi kipindi kikaisha.

"Nilistahili," anasema. "Lakini nilistahili kwa maumivu, usije ukaandika kwamba sikuumia."

Sasa amerudishwa kwenye mitihani, kwa sharti ambalo aliliomba yeye mwenyewe: kabla ya kila kundi kuingia, wahadhiri wawili wanapita kituo kwa kituo, wanakagua kila uzi na kutia saini. Yeye anasimama kando, mikono nyuma.

Mdadisi yuko mwaka wa nne. Hupita kwenye korido ya chumba cha anatomia karibu kila siku. Humwamkia Mzee Uzi kama anavyowaamkia wazee wengine wote, na huendelea na safari yake. Hawajawahi kukaa wakazungumza. Mzee Uzi anasema hadai zaidi.

Amebakiza miaka miwili kustaafu. Alipoulizwa ana mpango gani, aliwaza, kisha akafungua mdomo na kugusa gego la chini upande wa kushoto. Limetoboka na linamsumbua toka mwezi wa pili.

"Nalitunza hili," alisema, nusu utani. "Mke wangu ananifokea, lakini nalitunza. Yule binti akihitimu, nataka niwe mgonjwa wake wa kwanza. Nikae kwenye kile kiti, nifungue mdomo, nimwache anitazame ndani anavyotaka. Akitaka kunichoma sindano kwa hasira, achome. Sijui namna nyingine ya kumwambia kwamba mkono wake nauamini."

Mdadisi alielezwa habari ya gego hilo siku iliyofuata, nje ya hospitali ya mafunzo, akiwa na koti jeupe na mafaili kwapani. Alisikiliza mpaka mwisho. Hakutabasamu.

"Miaka miwili na jino bovu? Usaha ukishuka shingoni je?" Akageuza uso pembeni, akavuta pumzi. "Mwambie asingoje nihitimu. Jumanne nachoma ganzi, msimamizi akiwepo. Aje saa mbili kamili, na asinywe dawa yoyote ya maumivu kabla, maana nataka aniambie kweli anapohisi na asipohisi."